Je, Homa Bay na Migori Zidai Pampu ya Moyo?

Mgonjwa ambaye moyo wake umechoka hutambulika wodini kabla hujafungua faili yake. Amelala ameketi, mito imepangwa mgongoni, kwa kuwa akinyooka tu pumzi inakatika. Miguu imejaa maji. Ukibonyeza kidole juu ya kifundo kisha ukakiondoa, kishimo kinabaki pale pale. Anachomwa sindano ya Lasix, anakojoa usiku kucha, baada ya siku chache anaweza kutembea hadi mlangoni, kisha anaruhusiwa kwenda nyumbani. Wiki kadhaa baadaye analetwa tena kwa bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na ndugu anayemshikilia.

Penye vituo vikubwa vya moyo, mgonjwa ambaye dawa zimefika mwisho wa uwezo wake huulizwa kama yuko tayari kuwekewa pampu. Ni chombo cha gramu 200 hivi kinachoshonwa kwenye ncha ya chumba cha kushoto cha moyo. Kinavuta damu kutoka chumba hicho na kuisukuma kwenye mshipa mkuu, hadi lita 10 kwa dakika. Waya mmoja hutokea tumboni kupitia ngozi na kuingia kwenye kidhibiti kinachofungwa kiunoni, na kidhibiti hupata nguvu kutoka kwa betri mbili. Pampu za siku hizi husukuma damu mfululizo, kwa hiyo ukimshika mgonjwa kifundo cha mkono kutafuta mpigo, mara nyingi hupati kitu, ilhali mwenyewe ameketi anazungumza nawe.

Je, watu wa kaunti hizi mbili za kusini mwa Nyanza waidai tiba hiyo, au waiache kwanza? Nimewapa nafasi watu wanne. Si watu halisi. Nimewaunda kutokana na misimamo inayosikika popote wagonjwa wa moyo na jamaa zao wanapokaa kusubiri. Daktari ni bingwa wa moyo, mzaliwa wa Rangwe anayefanya kazi Nairobi. Sista ni muuguzi wa kaunti ya Migori. Jaduong' ni mvuvi wa Mbita ambaye yeye mwenyewe moyo wake umepanuka. Mwalimu ni mama mstaafu wa Awendo. Mimi nitaingilia pale ninapoona inafaa.

Daktari: Naanza na mwaka 2001, na nina sababu. Novemba mwaka huo ulichapishwa utafiti wa Marekani wa wagonjwa 129 waliokuwa hoi kwa ugonjwa wa moyo na ambao hawangeweza kupandikizwa moyo mwingine. Kati ya waliobaki na dawa pekee, ni robo tu waliofikisha mwaka mmoja. Kati ya waliowekewa pampu, zaidi kidogo ya nusu walifika. Ile ilikuwa pampu kubwa, yenye kelele, iliyochakaa haraka. Ya leo, HeartMate 3, kinachozunguka ndani yake kinaelea kwa nguvu ya sumaku bila kugusa popote, na asilimia 58 ya waliowekewa katika utafiti wake mkuu walikuwa hai baada ya miaka 5. Sasa kumbukeni jambo jingine la mwaka huo huo wa 2001, hapa hapa kwetu. Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa ARV, dawa za virusi vya UKIMWI, bure katika hospitali ya Homa Bay. Mkubwa wa shirika la misaada la Marekani wakati huo, Andrew Natsios, alikuwa akisema kwamba Waafrika wengi hawaijui saa, kwa hiyo hawangeweza kumeza vidonge kwa wakati wake. Kwa bei ya nchi tajiri, dawa za mtu mmoja kwa mwaka zilipita dola 10,000. Lau tungewasikiliza wenye kupiga hesabu, nusu ya darasa langu la Rangwe isingekuwepo. Kwa hiyo mtu akiniambia pampu si kitu cha watu wa Homa Bay, nasikia sauti ile ile.

Hoja hii haipingiki kwa haraka, na mimi sitaki ipingwe kwa haraka. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay wanaishi na virusi vya UKIMWI, na asilimia 13 Migori. Watu hao wako hai kwa sababu kuna waliokataa kuambiwa kwamba tiba fulani ni ya wengine.

Sista: Daktari, nakuheshimu, lakini umesimulia nusu. Mwaka ule ule 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kuuza dawa hizo kwa dola 350 kwa mwaka. Bunge letu likapitisha Sheria ya Mali ya Viwanda, tukaruhusiwa kuagiza za bei nafuu. Leo dawa za mtu mmoja kwa mwaka hazifiki dola 50. Kidonge kinatengenezwa na viwanda vingi na mimi muuguzi naweza kukitoa nikiwa zahanati. Pampu yenyewe tu, kabla hujamlipa yeyote, inakaribia dola 100,000, yaani kama shilingi milioni 13, na kila moja inataka kifua kifunguliwe. Halafu kidonge peke yake hakikuokoa mtu. Watu waliokolewa na kadi, tarehe ya kurudi, rejista, na mtu wa kwenda nyumbani kwa aliyekosa kliniki. Mgonjwa wa virusi akikosa siku yake, kesho anapigiwa simu. Wa moyo akikosa, tunasikia habari zake kwenye tangazo la mazishi.

Daktari: Hilo la rejista silikatai. Lakini rejista haisukumi damu.

Sista: Inasukuma. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti uitwao STRONG-HF, wagonjwa 1,078 katika nchi 14, zikiwemo Msumbiji, Nigeria na Afrika Kusini. Hawakupewa chombo kipya wala dawa mpya. Waliotoka hospitalini waliongezewa dawa zao za kawaida hadi kipimo kamili ndani ya wiki 2, wakaonwa mara kwa mara, wakapimwa damu. Katika siku 180, waliokufa au kulazwa tena kwa sababu ya moyo walikuwa asilimia 15 hivi, na kwa wale waliohudumiwa kama kawaida walikuwa asilimia 23. Utafiti ukasimamishwa mapema kwa sababu ilionekana si haki kuendelea kuwanyima wengine. Sasa niambie, ni wagonjwa wangapi wa Migori wanaorudi kliniki wiki moja baada ya kuruhusiwa? Wengi hupewa dawa za mwezi, na zikiisha wananunua Lasix peke yake dukani, kwa kuwa ndiyo wanayoona ikitoa maji.

Hapa naomba niulize swali ambalo pande zote mbili zimelipita: moyo wa mgonjwa wa kusini mwa Nyanza umeharibiwa na nini hasa? Pampu haifai kila moyo. Utafiti wa THESUS-HF uliochapishwa mwaka 2012 uliwafuata wagonjwa 1,006 waliolazwa katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Wastani wa umri ulikuwa miaka 52, watu wenye watoto wa kusomesha bado. Chanzo kikubwa, karibu asilimia 45, kilikuwa presha. Mishipa ya moyo kuziba, ambako ndiko kunakowafikisha wagonjwa wengi wa Ulaya na Marekani kwenye pampu, hakukufika asilimia 8. Na ndani ya miezi 6, karibu asilimia 18 walikuwa wamefariki.

Kuna pia moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi. Mtoto anaumwa koo, hatibiwi, mwili wake unapopigana na wadudu wa koo hilo unaumiza vali za moyo, na miaka baadaye vali iliyokaza inazuia damu isipite. Mtu mwenye vali ya kushoto iliyobana namna hiyo hasaidiwi na pampu, kwa kuwa pampu huvuta kutoka chumba ambacho damu yenyewe haikifikii vizuri. Anahitaji vali ifunguliwe au ibadilishwe, kazi ambayo hospitali ya Tenwek, Bomet, imekuwa ikiifanya kwa miaka. Afadhali zaidi asifike huko. Kaskazini mwa Uganda, mjini Gulu, watoto na vijana 818 ambao ugonjwa wao wa vali ulikuwa bado mchanga waligawanywa: wengine walichomwa sindano ya penisilini kila wiki 4, wengine hawakuchomwa. Baada ya miaka 2 ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa, na asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Penisilini! Dawa ambayo bibi zetu waliijua. Upande wa kulia wa moyo ukishindwa, pampu ya kushoto pia haitoshi. Kwa hiyo hata pampu zingemwagwa bure leo Homa Bay, sehemu kubwa ya wagonjwa wangerudi nyumbani bila kuwekewa.

Jaduong': Mmenisahau, nami ndiye mwenye moyo wenyewe. Daktari, mwanangu, nikiwekewa hicho chombo nitaingia ziwani?

Daktari: Hapana, Jaduong'. Utaoga kwa kujifunika vizuri mahali waya unapotokea, ukiruhusiwa. Kuzama majini, hapana kabisa. Pale waya unapopita kwenye ngozi ni mlango ulio wazi maisha yako yote. Wadudu wakiingia, wanaweza kuufuata waya hadi kwenye pampu.

Jaduong': Kusukuma mashua nikiwa maji ya kiuno?

Daktari: Hapana.

Jaduong': Basi umenirudishia pumzi na umenichukulia kazi. Sikatai, nauliza tu, maana pumzi bila kazi italishwa na nani? Na stima je?

Daktari: Betri mbili zikijaa hukaa hadi saa 17. Usiku unalala umeunganishwa na stima ya ukutani. Ukikosea ukachomoa vyote, kidhibiti kina akiba ya dakika 15 hivi.

Sista: Usiku wa 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulikaa gizani. Ikiwa Nairobi ilikuwa hivyo, kisiwa cha Mfangano kilikuwaje?

Jaduong': Sista, hapo usinisemee. Sisi wavuvi wa omena tumeacha taa za mafuta. Tunabeba taa za betri usiku, asubuhi zinachajiwa kwa sola. Betri ikizima katikati ya ziwa, kazi ya usiku mzima imepotea, kwa hiyo betri tunaitunza kuliko mtu wa mjini anavyotunza simu yake. Msiseme hatuwezi. Mimi naogopa kitu kingine. Injini ya mashua, hata iwe nzuri namna gani, bila fundi na vipuri Mbita ni chuma cha kutia nanga. Kidhibiti changu kikilia usiku wa manane, nampigia nani?

Naona Jaduong' ameugusa ukweli kuliko sisi wote. Mara nyingi mtu wa kijijini ananyimwa tiba kwa kisingizio kwamba hataiweza. ARV zimekwisha kutuonyesha kwamba anaiweza. Anachokosa ni mtu wa kusimama upande wa pili wa simu, leo na miaka 10 ijayo. Juni 2021 kampuni ya Medtronic iliacha kuuza pampu yake ya HVAD kwa sababu za usalama, ilhali maelfu ya watu duniani walikuwa nayo kifuani. Walioko karibu na vituo vyao waliendelea kuangaliwa. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, wafanyakazi wengi wa kliniki za virusi nchini Kenya waliambiwa wakae nyumbani, na hizo zilikuwa kliniki tulizozitaja kama mfano wa mfumo imara. Kidonge kikikosekana kwa siku chache, mtu ana nafasi ya kukitafuta. Pampu ikisimama, nafasi hiyo ni ndogo sana.

Mwalimu: Nimewasikiliza nyote, sasa nisikilizeni. Binti yangu alijifungua salama. Wiki ya tatu akaanza kukohoa usiku. Tukatibu nimonia. Tukaambiwa ni uchovu wa kunyonyesha. Akawa hawezi kutoka jikoni hadi sebuleni bila kushika ukuta. Siku alipofanyiwa eko, kile kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, ndipo tukaambiwa moyo umepanuka kwa sababu ya uzazi. Alipona kwa dawa, polepole, na leo anafundisha. Lakini naambiwa wapo wasiovuka miezi ile ya mwanzo, ingawa moyo ungerudi wenyewe kama wangepewa muda. Mwanamke wa miaka 24, ana mtoto wa mwezi mmoja. Je, huyo pia asubiri rejista?

Daktari: Hapo ndipo ninapotaka tufike. Moyo wa mama aliyetoka kujifungua mara nyingi hupata nafuu ndani ya miezi 6 hadi 12, na kwa wengine unarudi kabisa. Pampu inaweza kuwa ya muda. Mwaka 2006, kundi la Magdi Yacoub, yule mpasuaji Mmisri aliyefanya kazi Harefield, Uingereza, lilichapisha habari za wagonjwa 15 waliowekewa pampu pamoja na dawa za kuupa moyo nguvu. Hawakuwa akina mama waliojifungua, lakini 11 kati yao moyo uliamka kiasi kwamba pampu ikatolewa. Na ni Yacoub huyo huyo aliyefungua kituo cha moyo Aswan, kusini mwa Misri, mwaka 2009, kinachotibu watu bila malipo. Hakuambiwa kwanza amalize malaria.

Sista: Mwalimu, huyo simwambii asubiri. Lakini tazama binti yako aliponea wapi. Aliponea siku ya eko. Kama ingefanywa wiki ya tatu, asingefika kushika ukuta. Na mama anayehitaji pampu, atajulikanaje kama hakuna wa kumfanyia eko hapa? Rwanda walianza tangu miaka ya 2000, katika hospitali za wilaya kama Rwinkwavu: wauguzi kama mimi walifundishwa kutumia mashine ndogo ya eko, wakatofautisha moyo wa presha, wa vali na wa uzazi, wakaanzisha dawa wao wenyewe, na wagumu wakapelekwa kwa mabingwa. Agosti 2022, mawaziri wa afya wa Afrika walipokutana Lomé waliukubali mpango wa namna hiyo, uitwao PEN-Plus. Hata huku kwetu tumeshaonja. Kuanzia 2013, utafiti wa SEARCH uliofanyika Uganda na magharibi mwa Kenya, vijiji vya Homa Bay na Migori vikiwemo, uliwapima watu virusi, presha na sukari siku moja, mahali pamoja. Presha ilidhibitiwa vizuri zaidi palipokuwa na huduma hiyo ya pamoja. Na tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wanatembea na mikoba yenye mashine ya presha. Vifaa vya kuanzia tunavyo.

Mwalimu: Na fedha? Maana mimi ni wa hesabu. Bima ya afya ya SHA ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kaya isiyo na mshahara iliwekewa kiwango cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi, 3,600 kwa mwaka. Pampu moja ya shilingi milioni 13 ni mchango wa mwaka mzima wa kaya 3,600 hivi. Zilipe kaya za lokesheni nzima, mmoja apone, na hapo hujamlipia upasuaji, wodi ya mahututi, wala warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ya maisha yote. Nasema hivi nikiwa mama wa yule binti.

Jaduong': Kuna jambo jingine hamlisemi. Siku nikichoka kabisa, figo zimekwisha, akili imepotea, na chombo bado kinasukuma damu. Nani atakizima?

Daktari: Marekani, tangu 2013, bima ya serikali ya wazee inataka timu inayoweka pampu ya kudumu iwe na mtaalamu wa kuwapunguzia maumivu wanaokaribia mwisho. Jambo hilo linazungumzwa kabla ya upasuaji, mgonjwa akiwa na akili zake.

Jaduong': Huko. Hapa nyumbani, ni mke wangu au mwanangu wa kwanza? Yeyote atakayebonyeza, ukoo utasema ndiye aliyeniua. Jambo hilo lizungumzwe na jodongo, wazee wetu, wameketi, nami nikiwepo. Msije na chombo kabla ya mazungumzo hayo.

Mimi nasimama na Sista katika mambo mengi, na sifichi. Shilingi ya kaunti ya Homa Bay au Migori isinunue pampu. Inunue eko, imfundishe muuguzi, ijaze rafu dawa zote za moyo na si Lasix tu, iweke penisilini mahali mtoto wa Nyatike anapoweza kuchomwa bila kulala njiani. Lakini sikubali neno “kwanza” litumike kama kufuli. Mwalimu ametuonyesha mgonjwa ambaye pampu ya miezi michache ingemrudishia maisha ya miaka 40. Kituo kimoja cha taifa, penye wapasuaji wa moyo, damu ya kutosha na kliniki ya warfarini inayofanya kazi kama ile ya Eldoret, kingeweza kuanza na wagonjwa wa aina hiyo, wachache, waliochaguliwa kwa uangalifu. Gharama hiyo ni ya serikali kuu, na itolewe kwenye fungu la magonjwa sugu na mahututi, si kwenye dawa za zahanati.

Daktari: Ukinipa hilo bado sijaridhika. Mpasuaji wa kifua hafunzwi kwa mwaka mmoja. Tukianza kumtafuta baada ya Sista kukamilisha rejista yake, tumepoteza kizazi. Mambo yote mawili yaanze mwaka mmoja.

Sista: Yaanze, bora fedha zisitoke mfuko mmoja. Na kitu kimoja zaidi, Daktari. Siku kituo chenu kitakapofunguliwa Nairobi au Eldoret, orodha ya wa kwanza kuonwa itoke kwenye kliniki zetu, ikiwa na jina, eko na dawa alizokwisha kutumia. Isitoke kwa wanaojua namba ya simu ya mkubwa.

Daktari: Hilo nitalitia sahihi leo.

Mwalimu: Usitie sahihi hapa. Makadirio ya bajeti ya kaunti husomwa mbele ya wananchi. Njoo Migori siku hiyo, useme mbele yao.